Pesa na Hela

Mkutano ulikuwa chini ya mwembe, upande wa Tarime, si mbali na Nyamongo. Mezani kulikuwa na vitu vitatu: kaunta buku yenye jalada jeusi, simu ya kikundi, na bahasha yenye shilingi 31,200. Kaunta buku na bahasha vilikuwa mikononi mwa Mama Mweka Hazina. Simu ilikuwa na programu niliyoiandika mimi. Watu kama arobaini walikaa wakisubiri kuambiwe nani mwongo.

Niseme mapema, msomaji asije akadhani anasoma habari za shujaa. Iliyosema uongo ni simu, na aliyeifundisha ni mimi.

Mimi ni mtu wa Mugumu, wilaya ya Serengeti. Nina kibanda cha steshenari: natoa fotokopi, nachapa barua za maombi ya kazi, nasaidia watu kujaza fomu za mtandaoni. Kuandika programu nilijifunza mwenyewe usiku, kwa bando la bei nafuu na video za watu wa mbali. Binamu yangu ameolewa ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Wakurya, na ndiye aliyenipeleka kwenye kikundi chao cha wachimbaji wadogo. Wengi wao ni akina mama. Wanapeleka mawe karasha, wanachenjua mwaloni, na kila mmoja anatoka na kipande chake cha dhahabu. Peke yako ukienda kuuza kipande kidogo hivyo, bei unapangiwa. Kwa hiyo wanakusanya, wanauza pamoja kwa mnunuzi mwenye leseni, halafu kila mtu analipwa kwa uzito wake.

Kazi niliyopewa ilikuwa nyepesi kuielezea. Mwanachama anakuja na dhahabu, mweka hazina anaiweka kwenye mizani ya dijitali, mizani inasoma gramu na desimali mbili. Mweka hazina anaandika uzito kwenye kaunta buku, kisha anauingiza kwenye simu, na simu inatoa kiasi cha kulipa. Bei ya kikundi miezi ile ya 2021, makato yote yakishatolewa, ilikuwa shilingi 120,000 kwa gramu. Mnunuzi wao aliikubali na hakuigusa hadi msimu ulipoisha.

Wachimbaji hawasemi "sifuri nukta moja". Wanasema pointi. Gramu moja ni pointi kumi, na mizani ikisoma 4.35 hiyo ni gramu nne, pointi tatu na nusu. Ukimtajia mtu pointi mbili anajua papo hapo ni chakula cha siku ngapi.

Kabla ya kukabidhi programu niliijaribu, tena kwa makini. Nusu gramu: sawa. Gramu moja na robo: sawa. Mbili na robo tatu: sawa. Kumi kamili: sawa. Nikajipongeza, nikapanda bodaboda kurudi Mugumu nikiwa na ujira wangu mfukoni. Kumbuka namba hizo nilizojaribia, maana nitarudi kwake.

Wiki ya pili Mama Mweka Hazina akanipigia.

"Mwanangu, simu yako inaniachia hela."

"Inakuachia vipi, mama?"

"Nikijumlisha uzito wote wa wiki nikazidisha na bei, napata zaidi ya nilichowalipa watu. Wiki hii imebaki elfu moja mia mbili. Wiki iliyopita elfu tatu mia sita."

Nilimjibu kitu ambacho hadi leo kikinijia usiku nageukia ukutani. Nilimwambia: "Mama, kompyuta haikosei kujumlisha. Angalia vizuri kwenye daftari, labda kuna mstari umeuandika mara mbili."

Alinyamaza kidogo, akasema sawa. Tangu siku hiyo, kila mwisho wa wiki alichukua kalamu nyekundu akaandika chini ya ukurasa: *ziada*, na kiasi. Kisha akakiweka kwenye bahasha. Hakukila. Hakukificha. Alikiandika kwa rangi nyekundu kila mtu aone.

Na watu wakaona. Wiki ya tisa wakaguzi wa kikundi walifungua daftari, wakakuta ziada, ziada, ziada. Sasa fikiri kama mchimbaji. Dhahabu imeuzwa, watu wamelipwa, na bado kuna fedha imebaki kwa mtu anayeshika mizani. Imetoka wapi? Machimboni jibu la swali hilo ni moja tu: anapunja. Na mwenyekiti alipoulizia kuhusu simu, walikuwa na neno la fundi mwenyewe kwamba kompyuta haikosei.

Nilifika kwa binamu yangu Ijumaa jioni, mkutano ukiwa Jumamosi. Mama akanitumia kaunta buku kwa mtoto, imefungwa kwenye kitenge. Hakuja mwenyewe.

Niliisoma kwa mwanga wa simu. Kwanza niliona kitu ambacho wakaguzi hawakukiona. Ziada zote zilikuwa 1,200, au 2,400, au 3,600, au 4,800. Kila moja inagawanyika kwa 1,200. Na shilingi 1,200 ndiyo bei ya sehemu moja ya mia ya gramu. Mwizi gani huyo anaiba sehemu moja ya mia ya gramu, si zaidi wala pungufu, tena si kwa kila mtu? Mtu anayepunja anapunja alipoweza. Hapa kulikuwa na kanuni.

Nikaanza kuingiza uzito mmoja mmoja kwenye programu. Gramu 1.20, sawa. Gramu 3.75, sawa. Gramu 4.35: simu ikasema lipa shilingi 520,800. Nikachukua kalamu. Mara 120,000, ni 522,000. Nikarudia. 520,800. Hapo jasho likaanza kunitoka.

Ndani ya programu nilikuwa nimefanya hivi: chukua uzito, zidisha kwa mia ili upate sehemu za mia, kata kinachobaki baada ya nukta, kisha zidisha kwa 1,200. Kwa akili yangu hakuna kinachobaki baada ya nukta, mizani inatoa desimali mbili tu. Kile kitendo cha kukata nilikiweka kama mtu anayefagia ua ambao tayari ni msafi. Nikaiambia simu inionyeshe kabla haijakata. 4.35 mara 100, ikaandika: 434.99999999999994.

Ukikata hapo unapata 434. Sehemu moja ya mia imepotea. Nikajaribu 0.29: ikatoa 28.999999999999996. Nikajaribu 1.15: 114.99999999999999. Namba 0.57, 0.58, 1.14, 2.01, zote vilevile. Katika wiki tisa mizani kama hizo zilikuwa 26. Zidisha kwa 1,200 upate 31,200. Bahasha ya Mama ilikuwa sahihi hadi shilingi ya mwisho.

Kwa nini mashine inayoweza kunionyesha video kutoka upande wa pili wa dunia haiwezi kuzidisha 4.35 kwa mia? Wengi wenu hapa ni wasomaji wa riwaya na mashairi, kwa hiyo nitawaelezea kwa maneno badala ya hesabu. Kiswahili chenyewe kinatosha.

Kompyuta inagawa kitu kwa kukikata katikati, basi. Nusu. Nusu ya nusu ni robo. Nusu ya robo ni thumni. Nusu ya thumni, na nusu ya hiyo, na kuendelea. Kila sehemu ndogo kuliko moja lazima aijenge kwa kujumlisha vipande hivyo. Nusu gramu inajengeka. Gramu moja na robo inajengeka. Lakini jaribu kujenga moja ya kumi, ile pointi ya mchimbaji. Chukua moja ya kumi na sita, ongeza moja ya thelathini na mbili: una 0.09375, bado. Ongeza moja ya 256 na moja ya 512: una 0.099609375, bado. Unaweza kuongeza hadi kesho kutwa hutafika, kama vile sisi kwa kalamu tunavyoandika theluthi moja 0.333 na hatufiki. Mashine inachoka mahali fulani, inaandika iliyo karibu zaidi, na kusonga mbele. Na haikwambii kwamba ilichoka.

Sasa rudi kwenye namba zangu za majaribio. Nusu, moja na robo, mbili na robo tatu, kumi. Nilichagua hizo kwa sababu ndizo zinazokuja mdomoni, na zinakuja mdomoni kwa sababu lugha yetu imezirithi. Thumni ni Kiarabu, maana yake sehemu ya nane, ingawa wazee wetu waliitumia kuita senti hamsini. Vipimo vya pwani ni hivyohivyo: vibaba viwili ni kisaga, vibaba vinne ni pishi. Sokoni tunanunua nusu debe, robo kilo, nusu robo. Ulimi wetu wa kupimia unakata katikati, sawasawa na mashine. Nilijaribia programu kwa ulimi, watu wakaitumia kwa mizani.

Usiku ule, kwa kuwa usingizi haukuja, nilianza kuwaza lile neno la Mama. *Simu yako inaniachia hela.* Tuna maneno mawili ya kila siku kwa kitu kimoja, pesa na hela, na tunayatumia kama mapacha. Lakini hayakuzaliwa pamoja. Pesa ni neno lililokuja na biashara ya Bahari ya Hindi, na Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ilipoanza kutoa sarafu zake mwaka 1890, rupia moja ilikuwa na pesa 64. Sitini na nne ni nini? Kata rupia katikati, kata tena, mara sita, unafika kwenye pesa moja bila kubakiza kitu. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ya Kijerumani ikabadili: rupia moja iwe na heller 100. Heller ndiyo hela yetu. Wajerumani waliondoka, heller ikafa, neno likabaki midomoni mwetu hadi leo, kutoka pwani mpaka Sirari.

Kwa hiyo pesa ni hesabu ya kukata katikati, na hela ni hesabu ya kumi. Nchi hii iliihama ya kwanza zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Simu zetu bado zinahesabu kwa pesa, na mishahara, madeni na dhahabu yetu tunahesabu kwa hela. Mahali pa kubadilishia, pale kwenye dirisha la katikati, ndipo 26 wa kikundi walipopoteza shilingi 1,200 kila mmoja.

Unaweza kudhani wataalamu hawalijui jambo hili. Wanalijua siku nyingi. ENIAC, moja ya kompyuta za kwanza kabisa za Marekani, ya mwaka 1945, ilihesabu kwa kumi. Baadaye kukata katikati kukashinda, kwa sababu ni rahisi zaidi kukijengea saketi na kunaenda kasi. Mwaka 1985 ikatoka kanuni inayoitwa IEEE 754, ambayo William Kahan aliisimamia na ikamletea Tuzo ya Turing ya 1989. Ilikuwa kazi kubwa, maana kabla yake kila kampuni ilikuwa na hesabu yake na jibu lake. Mwaka 2008 kanuni hiyo ilipofanyiwa marekebisho, iliongezwa sehemu nzima ya hesabu ya kumi, ikisukumwa sana na kazi ya Mike Cowlishaw wa IBM. Yaani tangu 2008 kuna mapatano ya dunia ya jinsi mashine inavyopaswa kuandika 4.35 ikawa 4.35 kweli.

Na mapatano hayo yamekaa kabatini. IBM waliyaweka ndani ya chipu yao ya POWER6 mwaka 2007, hata kabla wino haujakauka, lakini hizo ni mashine za mabenki na makampuni makubwa. Chipu za simu zetu hazina. Lugha ya C iliyaingiza kwenye toleo lake la C23, ila kwa hiari: mtengenezaji akitaka aweke, asipotaka aache. Python ina hesabu ya kumi tangu 2004, lakini lazima uende kuichukua mwenyewe. Ukiandika namba bila kusema kitu unapewa ile ya kukata katikati. JavaScript, niliyoitumia mimi, haina kabisa ndani yake. Pendekezo la kuiongezea liko mezani kwa kamati yake, na hadi ninapoandika haya halijapita.

Waandishi wa programu wana kitu wanachokiita maktaba. Si chumba cha vitabu. Ni kazi ambayo mwenzako ameshaiandika vizuri, wewe unaiazima badala ya kuianza upya. Swali ninalolileta hapa ni hili: wanaotunza maktaba hizo, wengi wao wakijitolea bila malipo, je, wana wajibu wa kubeba kanuni ambayo karibu hakuna anayeiomba?

Sababu za kusema hapana ni nzito, na sitazipita kimyakimya. Kila unachokiongeza lazima ukitunze miaka yote. Hesabu ya kumi bila chipu yake inaenda polepole. Kanuni yenyewe ina namna mbili za kuhifadhi namba, moja ya upande wa IBM na nyingine ya upande wa Intel, kwa sababu hawakukubaliana. Anayetunza maktaba arithi ugomvi huo? Na kuna njia nyingine: hesabu kwa sehemu ndogo kabisa kama namba nzima, shilingi, au sehemu za mia za gramu, usikutane na nukta kabisa. Mtu atanikatisha hapa aseme: hata hivyo kosa ni lako, ungepandisha hadi namba nzima iliyo karibu badala ya kukata, 434.99999999999994 ingekuwa 435 na mama wa watu angelala salama.

Ni kweli. Kosa ni langu na sitalibebesha kamati yoyote. Wala si mimi wa kwanza. Soko la hisa la Vancouver, Kanada, lilianzisha faharasa yake mwaka 1982 kwa 1,000, na kila badiliko programu ilikata desimali za mwisho badala ya kuzikadiria. Novemba 1983 ilikuwa imeshuka hadi 520 na kitu. Walipopiga hesabu upya, ilitakiwa iwe zaidi ya 1,098. Hao walikuwa na wahasibu na suti. Mimi nilikuwa na kibanda.

Lakini ile hoja ya "hakuna anayeomba" ndiyo inayonikaa kooni. Nani angeomba? Mimi nisingeomba, nilikuwa sijui kwamba kuna tatizo. Aliyeliona tatizo, tena wiki ya pili, kwa kalamu na kaunta buku, ni mama wa darasa la saba aliye Tarime. Aliripoti kwa mtu pekee aliyemjua. Mtu huyo akamwambia aangalie daftari lake. Kwenye hesabu ya walioomba hesabu ya kumi, Mama Mweka Hazina hayumo wala hataingia. Ukihesabu mahitaji kwa kuangalia wanaopiga hodi, umewaacha wote wasiojua mlango uko wapi. Na mwandishi wa programu naye anatumia kilicho karibu na mkono. Kisichokuwepo kwenye lugha yake anakiona hakihitajiki, na kwa kuwa hakitumii, wanaoitunza lugha wanasema: mnaona? Hakitumiki.

Kuna jambo la pili, zito kuliko la kwanza. Mashine ikikosea mahali pasipoonekana, kosa halikai hewani. Linatafuta mtu wa kulibeba. Uingereza, kati ya 1999 na 2015, zaidi ya watu 900 waliokuwa wakiendesha ofisi ndogo za posta na wafanyakazi wao walitiwa hatiani kwa wizi na hesabu za uongo, ushahidi ukitoka kwenye mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon. Kuna waliofungwa, waliofilisika, waliokufa na doa hilo. Mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria kufuta hukumu zao kwa mkupuo. Makosa ya mfumo ule yalikuwa ya aina nyingine, si haya ya desimali. Ila nilipoisoma habari yao nilimwona Mama. Kwao vilevile mtu alisema hesabu zangu ni sahihi, akajibiwa kwamba kompyuta haikosei.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, kwa kipimo. Si kila kanuni iliyosahaulika inastahili kufufuliwa. Zipo hesabu nyingine zilizopendekezwa, kama zile zinazoitwa posit za John Gustafson za mwaka 2017, na mtunza maktaba akisema hana nafasi nazo sitamlaumu. Anayezihitaji anajua anazihitaji. Kipimo changu ni swali moja: kanuni hii ikiachwa, hasara inamwangukia nani? Ikiwa inamwangukia fundi anayeweza kuiona, aachiwe ajitafutie. Ikiwa inapita kwa fundi bila yeye kuhisi na kumwangukia mtu wa mwisho mwenye kaunta buku, basi wenye maktaba waibebe, hata kama ni nzito, hata kama inaenda polepole. Kikundi kile kilipima dhahabu mara chache kwa siku. Polepole ya kompyuta ingekuwa nini kwao? Na makato ya sokoni ya mwaka ule wa 2021, mrabaha asilimia 6, ukaguzi asilimia 1, ushuru wa huduma asilimia 0.3, ukiyaandika kwa desimali hakuna hata moja linalojengeka kwa nusu na robo. Nchi nzima inakatwa kwa namba ambazo mashine zake haziwezi kuzitamka.

Jumamosi, chini ya mwembe, nilisimama nikaamkia wazee. Mimi ni Mngoreme, na Kingoreme na Kikurya vinakaribiana, lakini niliomba niseme kwa Kiswahili ili nisijifiche nyuma ya utani. Nikasema: kosa ni langu, mama hajapunja mtu. Minong'ono. Mzee mmoja akauliza, kompyuta inakoseaje hesabu ya mtoto wa darasa la nne?

Nikamwambia: "Mzee, chukulia una mawe ya mizani ya aina hizi tu. Moja ni nusu gramu, la pili ni robo, la tatu ni nusu ya robo, na kila linalofuata ni nusu ya lililotangulia. Kila aina unalo moja. Nipimie pointi moja."

Alinyamaza, akaanza kukunja vidole. Wengine nao wakaanza, na kwa muda mkutano mzima ulikuwa unapima dhahabu isiyokuwepo. Mwishowe akasema, "Haifiki. Ukiongeza linazidi, ukiacha inapungua."

"Ndivyo simu inavyopima, mzee."

Mama akafungua kaunta buku, nami nikamsomea mistari niliyoiwekea alama. Akaita majina 26, mmoja mmoja, akatoa noti na sarafu kutoka kwenye bahasha. Hakumwangalia mtu usoni. Mkaguzi aliyekuwa amesema maneno makali kuliko wote alikuwa wa kumi na saba kwenye orodha. Alipokea yake, akasema asante, akaketi. Hakuna aliyesema samahani kwa sauti. Labda walisema nyumbani kwake baadaye. Bahasha ilipoisha aliigeuza juu chini, akaitikisa mbele ya watu wote, akaikunja.

Alimaliza msimu, kisha akaachia kazi. Walimbembeleza. Alisema amechoka kushika vitu vya watu. Najua, na wao wanajua, kwamba kabla ya simu yangu alikuwa ameshika vya watu miaka mingi bila kuchoka. Hilo sijaweza kulirudisha, na hakuna maktaba ya kuazima.

Programu niliiandika upya. Sasa inasoma tarakimu kama mizani ilivyoziandika na kuzihesabu kwa kumi, kwa kutumia maktaba ya desimali iliyoandikwa na mtu nisiyemjua, anayeigawa bure. Nilimpelekea Mama aipime kabla sijampa mtu mwingine. Alijaribu mizani yote 26, kisha nyingine alizozitunga mwenyewe, akilinganisha na kalamu. Zote sawa. Halafu akaniuliza:

"Na hii yako mpya, ukiiambia igawe elfu kumi kwa watu watatu?"

"Kila mmoja elfu tatu mia tatu thelathini na tatu, mama. Inabaki moja."

"Kwa hiyo hata hii zipo zisizofika."

"Zipo."

"Basi andika inayobaki ni ya nani. Mimi nilikuwa naiweka mfuko wa misiba. Usiiache simu iamue."

Nimeiandika. Ni mstari mmoja tu, na kila ninapofungua msimbo ule naanzia hapo.